Kuwafahamu Wafaransa: Mpaka wa Hadhara na Faragha

Wafaransa wakitajwa mbele ya watu ambao hawajapata kukaa nao, sifa zitolewazo aghalabu ni zile zile: kwamba ni watu wa majivuno wasiopenda wageni, kwamba kazi hawaitaki bali migomo, kwamba dini wameipa mgongo, na kwamba maisha yao hayana kitu ila manukato, mvinyo na mapenzi. Sifa hizi zimeenezwa na filamu, na matangazo ya biashara, na masimulizi ya watalii waliokaa Paris siku chache wakarudi makwao. Na kwa kuwa zimekaririwa mno, wengi huzidhania kuwa ni maarifa. Lakini wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala hujui ila yake, na wema wake pia huujui. Kwa hiyo yafaa tuingie kwa adabu, tutazame jinsi watu wa nchi ile wanavyoamkiana, wanavyokula, wanavyoabudu, wanavyosomesha watoto wao na wanavyoteta na serikali yao, kisha ndipo tutoe hukumu.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuwajua Wafaransa sawasawa, kwa kuwa mawasiliano yetu nao si ya jana. Mnamo mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vilivyotawaliwa na Ufaransa katika Bahari ya Hindi, na hiyo ni dhuluma isiyofaa kusahauliwa. Takriban karne moja baadaye, mwaka 1868, mapadri wa Kifaransa wa shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo. Na padri mmoja wa shirika hilo, Charles Sacleux, alikusanya maneno na lahaja za pwani kwa bidii hata akatoa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1939, ambayo wataalamu wa lugha yetu huirejea mpaka leo. Siku hizi Wangazija na ndugu zao wa visiwa vya Komoro, ambao lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiswahili, wamefanya maskani Marseille kwa maelfu. Na ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi wamesoma Kifaransa shuleni tangu utotoni. Walakini Kifaransa hicho kililetwa kwao na Wabelgiji, na kuijua lugha ya watu si lazima iwe ndiyo kuzijua desturi zao.

Kwa maoni yangu, desturi nyingi za Wafaransa ambazo mgeni huziona kuwa ni mafumbo hufahamika mara moja akishatambua jambo hili: kwamba wao huweka mpaka mkali baina ya mambo ya hadhara, ambayo ni ya raia wote kwa usawa, na mambo ya faragha, ambayo ni ya mtu na watu wake. Hadharani kila mtu hudai heshima iliyo sawa na ya mwenziwe, hutoa hoja zake kwa sauti, na huishtaki serikali bila hofu. Faraghani huficha mali yake, imani yake na huzuni zake, na hamfungulii mlango ila yule aliyekwisha kumwamini. Asiyeujua mpaka huo huona kiburi pasipo na kiburi, na vurugu pasipo na vurugu.

Maamkizi kwanza

Mtu aingiapo dukani Ufaransa, awe anataka mkate au saa ya dhahabu, hana budi kwanza kumwamkia mwenye duka kwa kusema bonjour, na akipenda kuongeza taadhima atasema Bwana au Bibi. Katika chumba cha kungojea daktari, aingiaye huwaamkia waliomtangulia, nao huitikia, kisha kila mmoja hurejea kwenye gazeti lake. Dereva wa basi huamkiwa, na mwoka mikate huagwa hata kama nyuma kuna foleni ya watu. Anayeyaacha maamkizi haya akaanza moja kwa moja kwa swali, hata liwe la upole namna gani, amekwisha kumvunjia heshima mwenyeji wake, kwa sababu amemfanya kama chombo cha kuuzia na si mwanadamu mwenzake. Na ndiyo maana mtalii anayeuliza bei bila ya salamu hujibiwa kwa ubaridi, kisha akaenda zake akitangaza kuwa Wafaransa hawana utu. Mtu wa pwani, ambaye amelelewa kubisha hodi na kungojea karibu kabla ya kuvuka kizingiti, hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana adabu ya mlangoni kwake ndiyo adabu ya dukani kwao.

Baada ya salamu huja kipimo cha ukaribu. Mgeni, mkubwa, na mtu ambaye hamjazoeana husemeshwa kwa neno vous, yaani nyinyi, na jamaa, rafiki na mtoto kwa tu, yaani wewe. Na kutoka hatua ya kwanza kufika ya pili kuna muda, tena desturi humwachia aliye mkubwa kwa umri au cheo apendekeze yeye. Wako majirani waliokaa jengo moja miaka mingi, wakachungiana funguo na kumwagiliana maua wakati wa likizo, ambao hawakuiacha ile vous hata siku moja, na hapana uadui wowote baina yao. Kwa murua huo huo, mtu haulizwi mshahara wake, wala amempigia nani kura, wala anaabudu vipi, mpaka suhuba iwe imekomaa. Hata ile desturi ya kugusanisha mashavu, ambayo wageni huidhania kuwa ni ulegevu, ina taratibu zake: aghalabu ni mara mbili Paris, mara tatu katika sehemu kadha za kusini, na mahali pengine hata mara nne, wala haifanywi na kila apitaye njiani.

Meza ya Mfaransa

Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuingiza mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu, na lililotukuzwa si kitoweo fulani, bali ni ile desturi yenyewe ya kukutana, kupanga meza, kula kwa taratibu na kuzungumza. Mgeni aliyealikwa saa mbili usiku hafiki kabla ya wakati. Huchelewa kidogo, kama robo saa, ili mwenyeji apate nafasi ya kumaliza maandalizi. Akichukua maua hujihadhari na yale ya krisanthemamu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopelekwa makaburini siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na kumletea mtu aliye hai ni kama kumtakia mauti. Akiketi, husubiri mwenyeji aanze. Mikono yake huonekana juu ya meza wala haifichwi mapajani. Na chakula huja kwa zamu, chepesi kwanza, kisha mlo wenyewe, kisha jibini, na mwisho kitamutamu.

Mkate una heshima yake peke yake. Huwekwa juu ya kitambaa cha meza kando ya sahani, humegwa kwa mkono wala haukatwi kwa kisu na mlaji, tena haulazwi kifudifudi, kwa kuwa husimuliwa kwamba zamani mwoka mikate alikuwa akiugeuza mkate mmoja uliowekwa kwa ajili ya mnyongaji wa serikali, ili mtu mwingine asiuguse, na tangu hapo mkate uliopinduliwa ukahesabiwa kuwa ni nuksi. Amri ya serikali ya mwaka 1993 iliweka sharti kwamba mkate uuzwao kwa jina la mkate wa jadi wa Kifaransa usigandishwe kwa barafu wala usitiwe dawa za viwandani. Na mwaka 2022 ujuzi wa kuoka baguette, ule mkate mrefu mwembamba, nao ukatambuliwa na UNESCO. Jibini nayo ina adabu: kipande chenye umbo la pembetatu hakikatwi ncha yake, kwa sababu ncha ndiyo tamu zaidi, na aikataye amejipendelea mbele ya wenziwe. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini mtoto afundishwapo hukumu hii ya jibini hufundishwa uadilifu.

Mvinyo upo, lakini aliye Mwislamu au asiyekunywa kwa sababu yake mwenyewe hupewa maji au sharubati, na mwenyeji mwenye adabu hamdadisi. Roho ya karamu ni mazungumzo. Watoto huketi pamoja na wakubwa, husikiliza, hungoja zamu yao, na hujifunza kwamba kula haraka na kuondoka ni kuwanyima wenzao ushirika. Januari, katika sikukuu ya Wafalme Watatu, familia hukata mkate mtamu ambao ndani yake imefichwa sanamu ndogo ya kauri. Mtoto aliye mdogo kuliko wote huingia chini ya meza, na kila kipande kinapokatwa yeye, bila ya kuona, hutaja jina la atakayekipata, ili pasiwe na upendeleo. Na aliyeipata sanamu huvikwa taji la karatasi. Ni kweli kwamba mikahawa ya vyakula vya haraka imejaa mijini, na wafanyakazi wengi hula mbele ya tarakilishi zao; lakini katika miji midogo maduka mengi bado hufungwa baina ya saa sita na saa nane mchana, ili watu wale.

Dini na dola

Wanaosema kuwa Wafaransa wameipiga dini marufuku hawajui sheria yao. Tamko la Haki za Binadamu na Raia la tarehe 26 Agosti 1789 lilikwisha kukataza mtu kusumbuliwa kwa ajili ya rai zake, hata zile za dini. Na sheria ya tarehe 9 Desemba 1905, iliyotenga makanisa na dola, huanza kwa kudhamini uhuru wa dhamiri na wa ibada, ndipo ikaongeza kwamba Jamhuri haiitambui dini yoyote kuwa ni yake wala hailipi mishahara ya makasisi. Nyuma ya sheria hiyo kuna vita vya zamani baina ya Wakatoliki na Waprotestanti, na ugomvi mrefu baina ya Kanisa na Jamhuri juu ya nani amlee mtoto. Na Wafaransa waliamua kwamba hadhara iwe ya wote, na imani iwe ni amana ya moyo wa mtu.

Jinsi mpaka huo ulivyowekwa kwa uangalifu huonekana katika ratiba ya shule. Sheria ya mwaka 1882, iliyofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima na kuyaondoa mafundisho ya dini darasani, iliamuru wakati huo huo kwamba shule zifungwe siku moja zaidi ya Jumapili, ili wazazi wapendao wawapeleke watoto kufundishwa dini nje ya shule. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi mpaka mwaka 1972, ikahamishiwa Jumatano, na mpaka leo Jumatano ni siku nyepesi kwa wanafunzi wadogo. Huko Alsace na Moselle, ambako mwaka 1905 kulikuwa chini ya Ujerumani, sheria ya utengano haikuingia, na makasisi, wachungaji na marabi bado hulipwa na dola. Msikiti Mkuu wa Paris ulifunguliwa mwaka 1926, kwa kuwakumbuka askari Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Hata hivyo insafu yataka tuseme kwamba mpaka huo umewaumiza baadhi ya watu. Sheria ya mwaka 2004 inawakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zilizo dhahiri, na waliohisi uzito wake kuliko wote ni mabinti wa Kiislamu wavaao hijabu. Watetezi wake husema inamlinda mtoto asishurutishwe na mtu. Wapinzani husema inamshurutisha yeye aache sehemu ya nafsi yake mlangoni. Mimi naona malalamiko ya hao wa pili yana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa vazi la mtu halifanani na amri ya dola.

Ndoa nayo hudhihirisha mpaka ule ule. Nikahi ya msikitini au kanisani haina nguvu ya sheria. Sharti waoanao waende kwanza kwa meya, ambaye, akiwa amejifunga ukanda wa rangi tatu za bendera, huwasomea vifungu vya sheria ya kiraia vinavyowapasa kuheshimiana, kuwa waaminifu na kusaidiana, na milango ya ukumbi huo huachwa wazi muda wote, ili umma uweze kushuhudia na mwenye pingamizi apate njia ya kuingia. Sheria hiyo asili yake ni ya Napoleon, ya mwaka 1804, na kwa muda mrefu ilimweka mke chini ya mumewe. Wanawake wa Ufaransa walipata haki ya kupiga kura mwaka 1944 tu, na mpaka mwaka 1965 mume aliweza kumpinga mkewe asiajiriwe. Wale wanaoidhania nchi hiyo kuwa tangu zamani ni nchi ya uhuru wa wanawake na wazikumbuke tarehe hizo.

Hoja na migomo

Kila Juni, vijana wengi wa sekondari wanaofanya mtihani wa bakaloria huketi kwa muda wa saa nne wakiandika insha ya falsafa, juu ya maswali kama ya haki, wajibu au ukweli, na hufundishwa kuyapima mawazo mawili yanayopingana kabla ya kukata shauri. Mafunzo hayo hutoka nao shuleni wakaenda nao mezani, ofisini na barabarani. Mfaransa akimpinga rafiki yake kwa ukali juu ya siasa au juu ya kitabu, hakusudii kumvunja. Kwake yeye kupinga hoja ya mtu ni kumheshimu, kwa sababu ni dalili ya kuwa ameisikiliza. Mgeni aliyelelewa kukubali kwa ajili ya amani hukimbia akidhani pana vita, na kumbe baada ya nusu saa wale wawili wanamiminiana kahawa.

Migomo hutoka kwenye asili hiyo hiyo. Kugoma kuliacha kuwa jinai mwaka 1864, vyama vya wafanyakazi vikahalalishwa mwaka 1884, na haki ya kugoma ikaingizwa katika utangulizi wa katiba ya mwaka 1946. Katika kiangazi cha mwaka 1936, chini ya serikali ya Léon Blum na baada ya wafanyakazi kukalia viwanda kote nchini, zilipatikana likizo ya wiki mbili yenye malipo na wiki ya saa 40 za kazi. Na watu ambao hawakupata kuiona bahari maishani mwao walipanda treni na baiskeli wakaenda kuitazama. Wiki hizo za likizo zikaongezwa kidogo kidogo mpaka zikawa tano mwaka 1982. Wafaransa walio wanachama wa vyama vya wafanyakazi ni wachache, kama mmoja katika kumi, lakini wengi wasio wanachama huandamana pamoja nao, maana kila familia yajua kwamba raha iliyo nayo ililetwa na watu waliosimama barabarani. Na zile saa 35 za wiki zinazosemwa sana si kikomo cha kazi, bali ni kiwango ambacho mtu akikipita huanza kulipwa saa za ziada.

Ufaransa si Paris pekee

Kosa kubwa kuliko yote ni kuipima nchi nzima kwa mji mkuu wake. Ufaransa ina komuni karibu 35,000, nyingi ni vijiji vidogo, na kila moja ina meya wake na baraza lake. Mtu wa Bretagne hupika kwa siagi yenye chumvi na hucheza ngoma za usiku za fest-noz. Mtu wa Provence hupika kwa mafuta ya zeituni. Mbaski, Mkorsika na Mwalsace kila mmoja ana lugha ya mababu zake. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, Kasisi Grégoire alichunguza akakuta kwamba waliokisema Kifaransa barabara walikuwa sehemu ndogo tu ya wananchi, na shule za Jamhuri zikafanya kazi ya kukieneza, mara nyingine kwa kuwaadhibu watoto walioongea lugha za mama zao. Hicho ni kisa ambacho Mwafrika aliyesoma shule za kikoloni anakijua vizuri.

Pamoja na hao wako wananchi ambao asili yao ni Algeria, Mali, Senegali, Vietnam na Komoro. Dola haihesabu raia wake kwa rangi wala kwa dini, na sensa ya mwisho iliyouliza dini ilikuwa ya mwaka 1872; nia yake ni njema, kwamba raia awe raia tu. Lakini kijana mweusi wa viunga vya miji, anayesimamishwa na polisi mara kwa mara na kukataliwa kazi kwa ajili ya jina lake, huuliza usawa huo uko wapi. Na ghasia za mwaka 2005, zilizoanza Clichy-sous-Bois baada ya vijana wawili kufa walipokuwa wakiwakimbia polisi, zilikuwa ni swali hilo likiulizwa kwa moto. Kuwapenda Wafaransa kwa insafu ni kuwakumbusha ahadi yao wenyewe.

Basi, msomaji mpenzi, ukijaaliwa kufika Ufaransa, au ukimpokea Mfaransa nyumbani kwako, mwamkie kabla ya kuuliza neno. Usimharakishe katika ukaribu, wala usimdadisi mali yake na imani yake. Ketini mezani bila ya kutazama saa. Na akikupinga, mjibu kwa hoja wala usikasirike. Ukifanya hivyo utaona kwamba wengi katika watu hawa wanaoitwa wenye kiburi ni marafiki wa kudumu, na kwamba makosa yao, ambayo si machache, ni makosa ya wanadamu waliojiwekea lengo kubwa na hawajalifikia. Tuziache sifa za kusikia, maana haziwatendei haki wao, wala hazitufai sisi.